Sarafu mpya na mfumko wa bei: Lini noti mpya huponya uchumi, na lini huwa karatasi tu?

MKULIMA wa majanichai wa Kebirigo, Nyansiongo au Nyamache hulipwa mara mbili kwa kazi moja. Kila mwezi hupata malipo kidogo kwa kila kilo aliyopeleka kituoni, kisha husubiri hadi mwezi wa Oktoba hivi ili apokee bonasi, ambayo hasa ndiyo hulipa karo, huezeka nyumba na kumaliza madeni ya dukani. Maana yake ni kwamba kwa miezi mingi jasho lake huwa limewekwa katika kitu kimoja tu, yaani imani kwamba shilingi atakayopewa Oktoba itanunua takriban kile ambacho ingenunua siku alipochuma jani hilo.

Sasa fikiria nchi ambamo bei hupanda kwa asilimia 50 kila mwezi. Hicho ndicho kiwango ambacho mwanauchumi wa Marekani, Phillip Cagan, alikipendekeza mwaka 1956 kiwe mpaka kati ya mfumko wa kawaida wa bei na mfumko uliokithiri, na wasomi wengi wangali wanakitumia. Ukipiga hesabu, bei zinazopanda hivyo huwa zimeongezeka takriban mara 130 baada ya miezi 12. Bonasi ya Sh60,000 ingenunua bidhaa ambazo mwaka mmoja awali zilikuwa za Sh460 hivi. Mwaka mzima wa kuamka alfajiri kwenye umande ungeishia kwa pakiti chache za unga.

Kenya haijawahi kufika huko. Majirani zetu wamewahi, na wengine walipiga hodi mlangoni. Karibu kila mara serikali zilizonaswa katika mtego huo zilikimbilia dawa moja, nayo ni kufuta sarafu ya zamani na kuleta mpya. Kuna mahali ambapo dawa hiyo ilifanya kazi kana kwamba ni uganga. Kuna pengine ambapo noti mpya zilioza hata kabla wananchi hawajazizoea. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili ndiyo tunayoitafuta hapa.

Tuanze na swali la nini hasa huifanya pesa ipoteze thamani. Wazee wa Gusii wana mfano ambao, kwa maoni yangu, unaeleweka upesi kuliko ile ya vitabu vya uchumi. Katika egesangio, majirani hulima shamba la mmoja leo, kesho wakahamia kwa mwingine, hadi wote wamelimiwa. Aliyeshika jembe leo huwa anawadai wenzake, na deni hilo halihitaji kuandikwa kwa sababu kila mtu anajua nani alikuja na nani hakuja.

Tuseme kundi limekua likawa kubwa mno, ikabidi kila anayelima apewe tiketi ya kuonyesha siku alizofanya kazi. Kisha anayeweka kijitabu cha tiketi akaamua kujiandikia tiketi mia mbili bila kugusa jembe. Wiki ya kwanza watu watamlimia bila kushuku. Wiki ya pili tiketi zitakuwa nyingi kuliko mikono iliyopo, na mwenye tiketi moja halali ataona kwamba haitoshi tena kumletea mlimaji kwa siku nzima. Tiketi hazijapungua, bali kazi zinazoweza kununuliwa kwa kila tiketi ndizo zilizopungua.

Mweka kijitabu ni serikali pamoja na benki kuu yake. Kodi zinapopungua, vita vinapozuka, uchaguzi unapokaribia au wakopeshaji wanapokataa kutoa hata senti, serikali inaweza kuitaka benki kuu iijazie akaunti. Fedha hizo hulipa walimu, wanajeshi na wanakandarasi, lakini hakuna ndizi hata mkungu mmoja wala kilo ya chai iliyoongezeka nchini. Fedha nyingi zaidi hukimbilia bidhaa zilezile.

Kama mambo yangeishia hapo, tiba ingekuwa rahisi. Tatizo ni kwamba watu wana akili. Mwenye kuuza ndizi kwa jumla katika soko la Nyakoe, akishaona kwa miezi sita kwamba bei ya kununua mzigo mwingine huwa juu kuliko pesa alizopata kwa mzigo uliotangulia, hatangoja kuumizwa mara ya saba. Ataweka bei ya leo kwa kukadiria gharama ya wiki ijayo. Mwenye matatu atafanya hivyo, mwenye nyumba za kupangisha pia. Kila anayepata noti atataka kuiondoa mkononi kama kaa la moto, anunue sukari, mabati, mbuzi, chochote kisichochapishwa. Pesa zikizunguka kwa kasi hivyo, bei huanza kukimbia mbele ya mashine ya kuchapisha. Kodi ambazo serikali inakusanya mwezi huu kwa mauzo ya miezi iliyopita huwa zimekwisha thamani, kwa hiyo inachapisha zaidi ili kuziba pengo. Ugonjwa hujilisha wenyewe.

Ndipo inapodhihirika kwamba mfumko uliokithiri una mizizi miwili. Mmoja ni nakisi ya bajeti inayozibwa kwa noti. Mwingine ni mazoea, yaani hali ya kila mtu kuamini kwamba bei za kesho zitapanda, na kwa kuamini hivyo akazipandisha leo. Sarafu mpya haiwezi kuung'oa mzizi wa kwanza. Inaweza kuung'oa wa pili, na kwa ghafla, mradi wa kwanza uwe umekatwa.

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa Ujerumani. Kufikia Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa mark trilioni 4.2. Mnamo Novemba 15 mwaka huo, serikali ilileta sarafu iitwayo Rentenmark, ambayo moja ilikuwa sawa na mark trilioni moja za karatasi. Ilisemekana kwamba sarafu hiyo ilidhaminiwa kwa rehani ya mashamba na viwanda vya nchi nzima. Dhamana hiyo ilivutia masikio, ingawa hakuna mtu ambaye angepeleka noti benki akapewa kipande cha shamba. Uzito wa jambo ulikuwa kwingine. Siku hiyohiyo benki kuu iliacha kununua hati za madeni ya serikali, na benki mpya iliyotoa Rentenmark iliwekewa kikomo cha kuikopesha serikali, Rentenmark bilioni 1.2 na si zaidi. Mwezi uliofuata serikali ilirudi kuomba nyongeza. Ikanyimwa.

Kunyimwa huko ndiko kulikoipa noti uhai. Serikali ililazimika kufuta kazi maelfu kwa maelfu ya watumishi wake na kuongeza ushuru, na katika majuma machache bei zikatulia. Mjerumani wa kawaida hakusoma sheria ya benki. Aliona tu kwamba noti aliyopokea Jumatatu ilinunua mkate uleule Ijumaa, akaacha kukimbia.

Brazil ilikuja na ujanja mwingine, na huu ninauona kuwa wa akili zaidi kuliko yote yaliyowahi kujaribiwa. Kati ya mwaka 1986 na 1993 nchi hiyo ilibadilisha jina la sarafu yake mara nne, na kila mara bei zilirudi kupaa. Kila mtu alikuwa amezoea kupandisha bei kwa sababu wenzake walipandisha. Machi 1994, chini ya Waziri wa Fedha Fernando Henrique Cardoso, serikali ilianzisha kipimo cha thamani ambacho hakikuwa na noti wala senti. Kila siku ilitangaza kipimo kimoja ni sawa na fedha ngapi za zamani. Mishahara, mikataba na bei za dukani zikaanza kuandikwa kwa kipimo hicho, huku malipo yakifanywa kwa noti zilezile chakavu.

Tuseme ilikuwa duka la Keroka. Mwenye duka angeona kwamba bei ya sabuni katika noti za zamani imepanda tena leo, lakini katika kipimo kipya imesimama palepale tangu juma lililopita. Baada ya miezi minne ya kuyaona hayo kwa macho yake, ameshajifunza kufikiri kwa kipimo kisichoyumba. Julai 1, 1994, kipimo kikageuzwa kuwa sarafu halisi iitwayo real, kwa kiwango cha fedha 2,750 za zamani kwa real moja. Mfumko uliokuwa ukikaribia asilimia 50 kwa mwezi uliporomoka hadi tarakimu moja ya mwezi katika muda mfupi. Riba ziliwekwa juu na bajeti ikabanwa kwa wakati huohuo, kwani bila hayo real ingekuwa jina la tano tu katika orodha. Sarafu hiyo ingali inatumika.

Turudi karibu na nyumbani, kwa kuwa hakuna mahali duniani palipotoa somo la waziwazi kama Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo. Zaire ilipopewa sarafu yake mwaka 1967, zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Mobutu Sese Seko aliendesha nchi kwa namna inayojulikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 noti zilikuwa zikichapishwa kulipia karibu kila kitu. Kufikia mapema mwaka 1993 palitolewa noti ya zaire milioni tano, ambayo ilikuwa na thamani ya dola chache tu. Waziri Mkuu wa mpito, Étienne Tshisekedi, hasimu wa Mobutu, aliitangaza kuwa si halali. Wanajeshi walilipwa mishahara kwa noti hiyo, wafanyabiashara wakaikataa, nao wanajeshi wakaingia mitaani Kinshasa mwishoni mwa Januari 1993 wakipora na kuua. Balozi wa Ufaransa alikuwa miongoni mwa waliopoteza maisha.

Pesa haiwi pesa kwa sababu rais ameiagiza. Huwa pesa kwa sababu mama wa sokoni ameipokea.

Oktoba mwaka huohuo, serikali nyingine iliyoungwa mkono na Mobutu ilileta zaire mpya, moja ikiwa sawa na zaire milioni tatu za zamani. Nakisi haikuguswa. Hakuna aliyenyimwa mkopo. Noti mpya ilianza kwa takriban zaire tatu kwa dola, na kufikia mwisho wa 1994 zilihitajika zaidi ya 3,000. Wastani wa mfumko wa bei kwa mwaka 1994 ulizidi asilimia 20,000.

Lakini si Zaire yote iliyofuata njia hiyo. Katika majimbo mawili ya Kasai, nyumbani kwa Tshisekedi, watu walizikataa noti mpya na wakaendelea kutumia za zamani, zile ambazo Kinshasa ilikuwa imezifuta. Yaliyotokea yanafaa kufundishwa katika kila shule ya upili. Kwa vile hakuna aliyekuwa akichapisha noti za zamani tena, idadi yake haikuweza kuongezeka. Zilichanika, zikachakaa, lakini thamani yake haikuporomoka kama ya zile mpya zinazong'aa. Sarafu isiyo na serikali nyuma yake ikaishinda sarafu ya serikali, kwa sababu moja tu kwamba mashine yake ilikuwa imezimwa.

Laurent-Désiré Kabila alipochukua madaraka alileta faranga ya Kongo, iliyoanza kutumika Juni 30, 1998, moja kwa zaire mpya 100,000. Kwa muda mfupi ilionekana kama ingesimama. Agosti vita vikazuka, serikali ikalipia vita kwa noti, na kufikia mwaka 2000 mfumko ulizidi asilimia 500. Kabila aliuawa Januari 2001. Mwanawe Joseph alipomrithi, serikali iliacha kuilazimisha benki kuu kuziba mapengo ya bajeti, na Mei 2001 thamani ya faranga ikaachwa iamuliwe na soko. Mwaka 2003 mfumko ulikuwa umeshuka hadi asilimia 13 hivi. Msomaji atambue kwamba safari hiyo hapakuletwa sarafu nyingine. Faranga iliyokuwa ikifa mwaka 2000 ndiyo hiyohiyo iliyopona mwaka 2002.

Zimbabwe nayo ilikata sifuri tatu mwaka 2006, kumi mwaka 2008 na kumi na mbili Februari 2009, jumla ishirini na tano, huku matumizi ya serikali yakiendelea vilevile. Bei zilitulia tu pale wananchi walipoiacha sarafu yao kabisa wakatumia dola za Marekani na randi za Afrika Kusini, fedha ambazo Harare haikuwa na uwezo wa kuzichapisha. Kabla ya hapo, katikati ya mwaka 2007, serikali iliamuru bei zishushwe kwa nusu, na rafu za maduka zikabaki tupu.

Watu wa Gusii hawakuhitaji kwenda Harare kujifunza kwamba bei hazitii amri. Miaka ya 1930 na 1940, mahari yalipopanda kupita kiasi, mabaraza ya kienyeji chini ya serikali ya kikoloni yalijaribu kuweka kikomo cha idadi ya ng'ombe. Wazazi wa wasichana waliendelea kuelewana na wakwe zao kivyao. Kikomo kilisema hivi, boma likasema vile.

Uganda ni kisa ambacho mfanyabiashara yeyote wa Kisii aliyewahi kuvuka Busia au Malaba anakiishi bila kujua. Kenya, Uganda na Tanzania zilipoacha shilingi ya pamoja ya Afrika Mashariki mwaka 1966, shilingi zao tatu zilikuwa sawa, moja kwa moja. Mwaka 2025 shilingi moja ya Kenya ilibadilishwa kwa 27 au 28 za Uganda. Hata hiyo si picha kamili, kwa kuwa Uganda ilishakata sifuri mbili njiani. Kwa shilingi za zamani ingekuwa 2,700 au zaidi.

Sifuri hizo zilikatwa Mei 1987, mwaka mmoja na miezi michache baada ya Yoweri Museveni kuingia Kampala. Miaka ya Idi Amin, ya magendo na ya vita ilikuwa imekausha hazina, na bei zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya asilimia 200 kwa mwaka, kiwango cha kutisha ingawa hakikufika kile cha Cagan. Serikali, ambamo Dkt Crispus Kiyonga alikuwa Waziri wa Fedha, ilitangaza kwamba shilingi 100 za zamani zitabadilishwa kwa shilingi moja mpya, na kwamba asilimia 30 itakatwa kuwa ushuru wa kubadilisha. Aliyekuwa na shilingi 10,000 hakurudi nyumbani na 100 mpya, bali 70. Walioweka akiba benki hawakusazwa.

Nia ilikuwa kupunguza fedha zilizokuwa zikizagaa, na kihesabu zilipungua siku hiyo. Lakini serikali iliendelea kukopa kutoka Benki Kuu, mwanzoni kwa ajili ya ununuzi wa mazao na gharama za jeshi, na mwaka 1988 bei zilikuwa bado zikipanda kwa karibu asilimia 200. Mwananchi alitozwa theluthi moja ya akiba yake, au karibu na hapo, na asipate tiba aliyoilipia. Huo ndio ubaya mkubwa wa kubadilisha sarafu kabla ya kubadilisha mwenendo. Mara ya pili serikali ikileta noti mpya, aliyeumia mara ya kwanza atakimbia upesi zaidi.

Uganda ilipona baadaye, na ilipona kimyakimya. Mwaka 1992 wizara ya fedha na ile ya mipango ziliunganishwa, na Emmanuel Tumusiime-Mutebile, aliyekuja kuwa Gavana wa Benki Kuu hadi alipofariki Januari 2022, akawa afisa mkuu wake. Utaratibu alioushikilia ulikuwa wa kizamani kama wa mama mwenye kibanda, kwamba mwezi huu tutatumia kile tulichokusanya mwezi huu, na wizara itakayolalamika ilalamike. Mfumko, ambao mwaka 1992 ulikuwa umerudi juu ya asilimia 50, ulishuka ukawa wa tarakimu moja mwaka uliofuata. Hakuna sherehe iliyofanywa, wala noti iliyozinduliwa.

Sisi nasi tulikuwa na mwaka wetu. Kabla ya uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992, fedha zilimwagwa nchini kiasi kwamba noti ya Sh500 ilipachikwa jina la mwanasiasa, ikaitwa 'Jirongo'. Malipo ya kashfa ya Goldenberg, yaliyodaiwa kwa dhahabu na almasi ambazo hazikuuzwa ng'ambo, yaliongeza kuni motoni. Mwaka 1993 bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 46, kiwango cha juu kabisa tangu uhuru. Wazazi wa Nyamira waliokuwa na watoto katika shule za bweni mwaka huo wanakumbuka karo ilivyowakimbia.

Kenya haikubadilisha sarafu. Musalia Mudavadi alikuwa Waziri wa Fedha, na Micah Cheserem akateuliwa Gavana wa Benki Kuu katikati ya mwaka huo. Benki Kuu ilianza kuuza hati za dhamana za serikali kwa riba iliyopita asilimia 70 kwa mwaka, ili mwenye pesa aone faida kuziweka huko kuliko kukimbilia dola au bidhaa. Fedha zikanyonywa kutoka sokoni. Dawa ilikuwa chungu, kwa kuwa riba ya mikopo ilipanda na biashara ndogo zikafa. Hata hivyo mfumko ulishuka hadi asilimia 29 hivi mwaka 1994, na chini ya asilimia mbili mwaka 1995. Shilingi ni ileile iliyoanza mwaka 1966.

Miaka mitatu baadaye, mwana wa Kisii alipewa ufunguo wa hazina. Marehemu Simeon Nyachae, Waziri wa Fedha tangu Januari 1998, alitangaza hadharani kwamba madeni yalikuwa yakimeza bajeti na kwamba matumizi sharti yakatwe. Februari 1999 alihamishiwa wizara nyingine, akajiuzulu. Watu wa kusema hapana huwa hawadumu sana katika ofisi hizo, na ndiyo maana nchi nyingi zimeliweka neno 'hapana' ndani ya sheria badala ya kulitegemea kinywani mwa mtu. Sheria ya Benki Kuu ya Kenya inaruhusu serikali kukopa moja kwa moja kutoka benki hiyo kiasi kisichozidi asilimia tano ya mapato yake ya mwisho yaliyokaguliwa, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 231, inakataza mtu yeyote kuiamrisha benki hiyo katika kazi zake.

Hapa inafaa kuondoa mkanganyiko uliozuka mwaka 2019. Noti mpya zilizozinduliwa Juni mwaka huo, na kufutwa kwa noti ya zamani ya Sh1,000 kuanzia Oktoba 1, hakukuwa kubadilisha sarafu kwa maana tunayoizungumzia. Elfu moja ilibaki elfu moja. Lengo lilikuwa kuwanasa waliokuwa wameficha fedha haramu na za bandia. Vilevile bei zinazopanda kwa sababu ya kiangazi au mafuta ghali, kama zilivyopanda mwaka 2022 hadi mfumko ukafika asilimia 9.6 mwezi Oktoba, hazitibiwi kwa noti mpya. Hapo tatizo ni mahindi, wala si karatasi.

Hata hivyo zoezi la 2019 lilituonyesha kitu ambacho mipango ya sarafu mpya husahau. Noti milioni 7.4 za Sh1,000 hazikurudi benki, na nyingine huenda zilikuwa za wakora kweli. Lakini ajuza wa Borabu au wa Bomachoge anayeweka akiba ya mazishi yake chini ya godoro, asiye na akaunti na asiyesikia vizuri redio, yumo katika hatari ileile na mkora. Katika mabadiliko makubwa, ambapo kila noti nchini inafutwa na muda ni wa siku chache, walio mbali na tawi la benki ndio hutangulia kupoteza. Wenye habari huwa wameshanunua dola na mashamba.

Na kuna hasara ambayo haionekani siku ya uzinduzi. Faranga ya Kongo imeshapita robo karne, na mfumko wa asilimia 500 umebaki historia. Ila ukitaka kupanga nyumba nzuri Kinshasa au Lubumbashi, mwenye nyumba atakutajia bei kwa dola, na sehemu kubwa mno ya amana katika benki za nchi hiyo imewekwa kwa dola. Waliokuwa watoto wakati wa zaire mpya sasa ni wazazi, nao wanawafundisha watoto wao ni noti ipi ya kuweka na ipi ya kutumia upesi.